Sahihi ya Mkubwa na Sahihi ya Jirani

Ndugu vijana wa parokia zetu za Fizi na Baraka,

Katika kikao chetu kimoja tulisomewa barua iliyotoka Ulaya. Mwandishi wake alizaliwa katika milima iliyo juu ya Fizi, akakaa darasa moja na baadhi yetu, akakimbia vita, na sasa anaomba hifadhi ugenini. Jina lake hatulitaji, wala nchi aliko. Maofisa wa huko hawakukana kwamba aliteseka. Walikana kwamba yeye ni Mkongomani. Walilitazama jina lake la Kinyamulenge, wakaitazama na sura yake, kisha wakaandika kwamba huenda ni Mnyarwanda, basi na atafute usalama huko. Alikata rufaa. Wakili wake akamshauri atafute maneno ya watu wanaojulikana, yaani askofu, mbunge, profesa, mtu yeyote ambaye jina lake jaji wa mbali amekwisha kulisikia. Aliandika barua saba kwa watu mashuhuri, hakupata jibu lenye msaada. Ndipo akatuandikia sisi, akituomba tumpelekee ombi lake kwa wakubwa tulio karibu nao.

Kikao kiligawanyika. Wengine walisema, ni mwenzetu, tumwandikie leo. Wengine walisema, akaombe kwao. Neno hilo «kwao» lilinyamazisha chumba kizima, kwa maana kila mmoja alijua uzito wake katika nchi hii. Tuliahirisha jambo, tukakubaliana kwanza tuisome historia: ni nini kimewahi kutokea watu walipotafuta neno la wakubwa ili kutetea haki yao ya kukaa mahali? Tunayowaandikia hapa ndiyo tuliyoyakuta.

Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha kwetu wenyewe. Tarehe 5 Januari 1972 serikali ya Rais Mobutu ilitoa sheria ya uraia. Kifungu chake cha 15 kilisema kwamba watu wenye asili ya Rwanda na Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1960, na wakaendelea kukaa nchini, wamekuwa raia tangu siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Wakati huo mkuu wa ofisi ya Rais alikuwa Barthélemy Bisengimana, mwenye asili ya Rwanda yeye mwenyewe, na wanahistoria wengi wanaihusisha sheria hiyo na mkono wake. Kesi ya wahamiaji iliyokuwa na mabishano ya miaka mingi ilipata mtetezi aliyeketi mlango wa pili kutoka kwa mfalme.

Ilionekana kuwa ushindi kamili, lakini tazameni sheria hiyo iliwakusanya akina nani. Walikuwamo wafugaji wa milima ya Itombwe, ambao mababu zao walipanda huko kabla ya Wabelgiji. Walikuwamo watu walioletwa na Wabelgiji wenyewe, kuanzia mwaka 1937, kufanya kazi katika mashamba ya Masisi. Walikuwamo pia wakimbizi waliovuka mpaka katika machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959. Makundi matatu yenye historia tatu yakafungwa katika furushi moja kwa wino mmoja. Hakuna aliyekwenda kijijini kumwuliza mwenyeji, «Huyu unamjua? Tangu lini?» Swali hilo lingechukua muda, na pengine lingezua ugomvi, lakini lingeacha majibu yenye majina ya watu na ya vijito. Sahihi ya mkubwa haina subira ya kuchambua.

Bisengimana aliondoka madarakani mwaka 1977. Miaka minne baadaye, tarehe 29 Juni 1981, ikatoka sheria nyingine iliyofuta ile ya kwanza. Sasa raia wa asili alikuwa ni yule ambaye kabila lake lilikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885, na wengine walipaswa kuomba mmoja mmoja. Mwaka 1982 amri ya Rais ikabatilisha vyeti vilivyotolewa kwa nguvu ya kile kifungu cha 15. Mtu alilala raia, akaamka mgeni. Yule mfugaji wa Itombwe, aliyekuwa na hoja yake mwenyewe na ya zamani, alianguka pamoja na furushi zima, kwa sababu hoja yake haikuwahi kusimama peke yake.

Hapo tunafika mahali panapotuuma sisi watu wa Fizi. Wakubwa hawatafutwi kwa ajili ya kutetea tu; hutafutwa pia kwa ajili ya kukataa. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Kinshasa lilipitisha azimio la kuwahesabu watu wa asili ya Rwanda na Burundi kuwa wageni wa kurudishwa makwao, na miongoni mwa vigogo wa bunge hilo alikuwamo mwana wa Fizi, Anzuluni Bembe. Wazee wetu walimsifu. Wakati huo hasira ilikuwa na sababu zake. Zaidi ya wakimbizi milioni moja wa Rwanda walikuwa wamemwagika Kivu mwaka 1994, na majeraha ya uasi wa miaka ya 1964 hadi 1967, ulipowatenga Wabembe na wafugaji wa milimani katika pande mbili za bunduki, hayakuwa yamepona. Hata hivyo azimio lile nalo lilikuwa furushi. Mkimbizi wa mwaka uliotangulia na mzee aliyezikwa Minembwe pamoja na baba yake na babu yake walitiwa katika sentensi moja.

(Na kwa kuwa tunataja uasi ule: mgeni mashuhuri kuliko wote aliyepata kuingia Fizi, Che Guevara, alitua Kibamba mwezi Aprili 1965 kwa mashua ya usiku kutoka Kigoma. Hakupita ofisi yoyote ya uhamiaji, na hakuna aliyemwuliza kabila lake lilikuwa wapi mwaka 1885.)

Mwezi Septemba 1996 Banyamulenge waliuawa Lueba na hapa Baraka penyewe, na mikono iliyofanya hivyo haikutoka mbali. Mwezi Oktoba makamu wa gavana wa Kivu Kusini akawapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Vita vikawaka. Yaliyofuata mnayajua kwa majina ya makaburi: vijiji vya Wabembe vilivyoteketezwa, mamia ya raia waliouawa Makobola mwishoni mwa 1998, wakimbizi wa Kinyamulenge waliochinjwa Gatumba tarehe 13 Agosti 2004. Hatuyapangi haya ili yapimwe kwa mizani. Tunayataja kwa sababu yeyote anayeombwa leo sahihi kwa ajili ya jirani wa kabila lile anaombwa akiwa na makaburi haya kifuani, na anayeomba naye anayo ya kwake.

Katika siku zile kulikuwa na mkubwa mmoja aliyeifanya kazi ya neno tofauti na wengine. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, Askofu Mkuu wa Bukavu, hakuwa na sababu ya kisiasa ya kuwatetea wakimbizi wa Rwanda waliojaa katika jimbo lake. Walikata miti, walikula mazao, na kati yao walikuwamo wauaji. Serikali ilipoanza kuwarudisha kwa nguvu mwezi Agosti 1995, na baadaye vita vilipoikaribia kambi yao, aliendelea kuandika barua kwa wakubwa wa dunia, akiomba watu wasio na hatia wasiangamizwe pamoja na wenye hatia. Yeye mkubwa aligeuka mwombaji wa wakubwa zaidi. Barua zake nyingi hazikuzaa kitu. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Bukavu, katika barabara ya Nyawera, na mwili wake ukabaki njiani hadi kesho yake. Tofauti yake na wale waliotangulia ni hii: alikuwa anawajua aliowatetea. Alikuwa amekwenda kambini, na alijua nani ni nani.

Kisha gurudumu likageuka juu yetu. Mwezi uleule na miezi iliyofuata, watu wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika kwa mitumbwi na kushuka Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwishoni mwa 1996, na ile ya Lugufu muda mfupi baadaye. Babu zetu waliokuwa wamebishana kuhusu nani ni mgeni sasa walipanga foleni ya unga na maharagwe, wakiwa na karatasi ya HCR, na walihitaji kibali kutoka nje ya kambi. Ng'ambo ya ziwa Kiswahili chetu kilieleweka, na koo nyingine zilikuwa na ndugu Kigoma tangu zamani, lakini sheria haikuuliza ukoo. Wengi wenu mlizaliwa huko. Kuanzia mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha Baraka, na Lugufu ikafungwa mwaka 2009. Nyarugusu iko hadi leo.

Katika kambi tulijifunza jambo ambalo hatukulijua tulipokuwa wenyeji, kwamba mtu asiye na makao huanza kukusanya majina ya wakubwa kama mwingine anavyokusanya kuni. Kila familia ilikuwa na bahasha. Ndani yake mlikuwamo barua ya chifu wa zamani, barua ya padri, kadi ya ofisa wa shirika aliyepita kambini siku moja. Barua hizo zilifunguliwa mbele ya wahojaji, na mara nyingi mhojaji aliziweka kando na kuuliza, «Kijiji chenu kina mto gani? Shule ilikuwa upande upi wa barabara?» Aliyejibu kwa moyo mtulivu alisaidiwa na mto wake kuliko muhuri. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni ya wanyonge, na kwamba mkubwa mwenyewe akishitakiwa ugeni hushinda. Haiko hivyo. Mwezi Februari 2001 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu si raia. Huyu alikuwa mwandishi na mchapishaji wa magazeti aliyekuwa amepata kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Pamoja naye alitajwa balozi aliyekuwa akiiwakilisha nchi hiyohiyo Nigeria. Walikuwa na marafiki wenye majina makubwa kuliko tunayoweza kuyakusanya sisi, na bado tangazo lilitoka.

Kisa kilichotupa mwanga zaidi kinatoka pwani ya Kenya, na tunawaomba mkisome polepole. Wamakonde walitoka kaskazini ya Msumbiji, wengi kuanzia miaka ya 1930, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Taita na Taveta na mashamba ya miwa ya Ramisi, wilaya ya Kwale. Wengine waliwafuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi wa Msumbiji. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, hawakuingizwa katika hesabu ya raia. Walibaki hivyo nusu karne. Asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lake, na shamba alilolinunua aliliandikisha kwa jina la mke wa Kidigo au la rafiki. Wengine walichukua majina ya Kidigo ili watoto wao wapate karatasi. Tunaambiana hapa Baraka kwamba jina ni mali. Mmakonde aliiuza mali hiyo ili mtoto afanye mtihani.

Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia dirisha: watu wasio na uraia wowote waliokuwa nchini tangu siku ya uhuru waliweza kuomba ndani ya miaka mitano. Miaka ikapita, dirisha likafungwa mwezi Agosti 2016, na karibu hakuna aliyekuwa ameandikishwa. Hapo waliweza kufanya kama ndugu yetu wa Ulaya, kuandika barua na kungoja. Wao waliamua kwenda. Tarehe 10 Oktoba 2016 mamia kadhaa ya Wamakonde, wazee na kina mama wenye watoto migongoni, waliondoka Kwale kuelekea Nairobi, wakifuatana na wanaharakati wa haki za binadamu. Polisi walijaribu kuwazuia. Walisonga mbele. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akawaomba radhi kwa kuchelewa kwa nchi, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwanzoni mwa 2017 vitambulisho vya kwanza viligawiwa, na Wamakonde wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya.

Ukitazama kwa haraka utasema, naam, neno la mkubwa. Bila Ikulu wangekuwa wangali wanangoja. Ni kweli, na hatutaki kuwadanganya vijana kwamba wakubwa hawana kazi. Lakini angalieni nini kilikuwa chini ya neno lile. Sheria ilikuwapo tangu 2011, tofauti na Kivu ya mwaka 1972 ambako sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa fadhila. Ushahidi ulikuwa umekwisha kuandikwa na tume na mashirika, kijiji kwa kijiji. Na Wadigo, majirani wao, walikuwa wameoana nao, wamewazika, wamewakopesha majina yao. Rais alitia sahihi juu ya jambo ambalo Kwale ilikuwa inalijua. Ndiyo maana alipoondoka madarakani mwaka 2022 hakuna aliyevifuta vitambulisho vile. Na Wapemba wa pwani hiyohiyo walipata haki yao mwaka 2023 chini ya Rais mwingine, kwa njia iliyofanana.

Kisa cha mwisho bado ni kibichi. Kuanzia mwaka 2015 Marekani ilikubali kuwachukua wakimbizi wa Kongo wa Nyarugusu kwa kundi kubwa, makumi ya maelfu, na kila mtaa wa Baraka una ndugu aliyeondoka kwa njia hiyo. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha kuwapokea wakimbizi. Watu waliokuwa wameuza vyombo na kuaga jamaa walirudi mikono mitupu. Kesi ikafunguliwa Seattle mwezi Februari, na mmoja wa walalamikaji wake ni mkimbizi wa Kikongo aliyekwama Nairobi na familia yake. Siku zilezile, tarehe 10 Februari, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandikia maaskofu wa Marekani akiutetea utu wa wahamiaji. Tarehe 18 maaskofu hao nao waliishitaki serikali yao kwa kukatiwa fedha za kuwahudumia wakimbizi. Ni sahihi gani hapa duniani mtu wa Fizi angeweza kuota kuipata, zaidi ya ile ya Papa?

Na matokeo? Jaji wa Seattle aliizuia amri tarehe 25 Februari, na mwezi mmoja baadaye mahakama ya rufaa ikalirudisha sehemu kubwa ya zuio lake nyuma. Maaskofu walikataliwa ombi lao la haraka, na mwezi Aprili wakatangaza kwamba wanaumaliza ushirikiano wao na serikali katika kazi hiyo. Neno la Papa halikurusha ndege hata moja kutoka Kigoma. Hatusemi kwamba lilikuwa bure. Mama mmoja wa Nyarugusu, alipoisikia habari ya barua ile redioni, alituambia kwa simu kwamba siku hiyo alijisikia ametajwa.

Baada ya kuyasoma haya tulirudi kwenye kikao. Hatukuamua kumpelekea askofu ombi la kumdhamini mtu ambaye askofu hajawahi kumwona. Hilo lingekuwa kumkopa jina lake bila haki. Tuliamua kuandika tunachokijua. Tuliandika kwamba alikaa dawati la tatu karibu na dirisha. Tuliandika jina la mwalimu aliyemfundisha hesabu, na kwamba mwalimu yu hai na anakubali kuulizwa. Tuliandika mahali mama yake alipokuwa akiuza maziwa, na kijito cha kijijini mwao, na jina la mzee wa Kibembe aliyekuwa rafiki wa babu yake na kulishiwa ng'ombe wake wawili milimani. Mstari mmoja ulibishaniwa muda mrefu: mwenzetu alitaka tuandike kwamba tulimwona akikimbia. Hatukumwona akikimbia, kwa kuwa nasi siku hiyo tulikuwa mbioni upande mwingine. Mstari ukafutwa. Juu ya uraia wake tuliandika kwamba sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 huitazama siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, na kwamba kwa siku hiyo babu yake alikuwa na kaburi la baba yake katika milima ya Fizi.

Tisa walitia sahihi. Wanne hawakutia. Mmoja wao alipoteza kaka zake wawili katika vita vya milimani, na hatukumshurutisha; alibaki amekaa hadi mwisho, akatusahihishia jina la kijito tulilokuwa tumelikosea. Padri aliisoma barua, akauliza maswali mawili, akaweka muhuri wa parokia chini ya majina yetu. Tuliipiga picha kwa simu tukamtumia siku hiyohiyo, na barua yenyewe ikaondoka na msafiri wa Uvira. Rufaa bado haijasikilizwa.